Ufunguo Ulioita Watu Sirisia

Siku mliponiaga kazini mlitaka nitoe hotuba, nami nilikuwa na keki mdomoni. Nikasema asanteni, nikaketi. Tangu hapo niko nyumbani Kibomet, napalilia sukuma wiki na kumsikiliza jirani akigombana na mbuzi wake, na kila nikiinama shambani nakumbuka jambo ambalo ningewaambia. Kwa hivyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Nataka kuwaeleza jinsi tulivyojifunza kutunza siri ndani ya mashine inayotumiwa na watu wengi, kwa sababu kazi hiyo sasa ni yenu, na kwa sababu nusura tumpoteze mtu mzuri kabla hatujajifunza.

Nilianza kazi katika ofisi ya ushirika wa wakulima hapa Kitale, kwenye chumba kilichonuka vumbi la mahindi ingawa mahindi yenyewe yalikuwa ng'ambo ya ua. Aliyenipokea ni Mama Wambui, msimamizi wa kompyuta. Wazazi wake walitoka Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia, naye alizungumza polepole kama mtu anayepima maziwa. Siku ya kwanza hakuniruhusu nishike kitu. Alinipa kiti, akaniambia nitazame. Mchana akatoa ufunguo wa kabati la karatasi za printa. Niliponyoosha mkono kuupokea, akaurudisha.

"Huu ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, Mama."

"Ni wa nini?"

"Wa kabati."

"Na ukipotea, nani atalia?"

Nikasema labda ni yeye.

"Mimi? Mimi nitaenda kunywa chai. Atakayelia ni karani wa risiti. Bila karatasi hatoi risiti, na wakulima watamla mzimamzima. Sasa shika."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Nilikuja kutambua baadaye kwamba alikuwa amenifundisha sehemu kubwa ya kazi yangu kabla ya chai ya saa kumi.

Miaka ile programu zetu tulizipeleka kwa mkono. Mtu aliandika msimbo, yaani maagizo ya programu, akaunakili, akaenda nao hadi kompyuta ya ghalani, akaomba Mungu. Baadaye tukapata seva ya kujengea programu. Kwa wale ambao mtasoma hapa na hamjawahi kuikaribia: ni mashine inayochukua msimbo aliouandika mtu, inauunganisha uwe programu kamili, inaujaribu, na ukifaulu inaupeleka unakohitajika, yote bila mkono wa mtu. Kila mpangilio wa hatua kama hizo tunauita kazi. Mama Wambui aliibatiza seva hiyo Posho, kama ile mashine ya kusaga pale Matisi: kila mtu analeta debe lake, anasagiwa, anaondoka.

Lakini kuna tofauti moja, na hapo ndipo penye habari yote. Ili Posho ifikishe programu mahali pake, lazima iwe na njia ya kuingia. Inahitaji nywila ya hifadhidata ya wakulima, ufunguo wa kutumia mizani za ghalani, ufunguo wa kutuma ujumbe kwa simu za watu. Hebu mfikirie mwenye mashine ya kusaga ambaye, ili akusagie debe moja, lazima umwachie ufunguo wa ghala lako. Ameachiwa na jirani yako pia. Ameachiwa na kijiji kizima, na wote mnapanga foleni kwenye mlango mmoja.

Mama Wambui alipokuwepo, kila ufunguo ndani ya Posho ulikaa na kazi yake. Kisha akastaafu, akaenda kufuga ng'ombe, na mimi nikatumwa kuzunguka maghala kuwafundisha wenye ghala kutumia mizani mpya. Ni katika kipindi hicho ushirika wetu uliungana na ule wa Bungoma.

Bungoma walikuwa na kikosi chao cha vijana wa kompyuta. Kiongozi wao alikuwa Barasa, ambaye wote walimwita Baba Sammy, mtu mrefu mwenye kicheko cha kujaza ukumbi. Wenzangu wa Kitale walipoenda kuwatembelea mara ya kwanza walichinjiwa kuku, tena si kuku mmoja wa kugawana, na firigisi wakapewa wageni kama heshima. Walirudi wakiwa wameshiba na wenye deni la ukarimu. Sasa wangelipaje? Ofisini hakukuwa na kuku. Kulikuwa na Posho.

Wakafungua kila kitu. Ndani ya seva kama ile, siri inaweza kuwekwa mahali pawili: kwenye chumba cha mradi mmoja, ambapo kazi za mradi huo tu ndizo zinazoifikia, au sebuleni, ambapo kazi yoyote ya mtu yeyote inaweza kuichukua. Wenzangu walizihamisha zote sebuleni ili wenzetu wa Bungoma wasijihisi wageni. Sitawacheka kwa hilo. Waliokula kuku wa Bungoma wataelewa.

Niliporudi kutoka maghalani nikaiona orodha ile ya siri ikiwa wazi kama nguo kwenye kamba. Nikauliza, "Hizi funguo ni za nani?"

"Zetu sote, Madam," nikajibiwa. "Si ni sisi kwa sisi?"

Nikaomba tuzirudishe vyumbani. Nikaambiwa tungoje msimu upite. Msimu Trans-Nzoia haupiti, ndugu zangu. Unaingia tu ndani ya msimu mwingine.

Nekesa aliajiriwa Bungoma wakati huo. Alikuwa msichana mwembamba kutoka Sirisia, mwepesi wa kuelewa, na nyumbani kwao ndiye wa kwanza kupata kazi ya ofisi. Barasa alimpa zoezi: aandike kazi ndani ya Posho ya kutuma ujumbe kwa simu. Zoezi zuri. Nekesa akatafuta ufunguo wa kutumia, akaukuta sebuleni umeandikwa "ujumbe", akauchukua. Hakuna aliyemwambia kwamba kulikuwa na akaunti mbili za ujumbe. Ile ya majaribio ilikuwa na kundi liitwalo Sirisia, lenye simu za ofisini peke yake. Ile ya kweli nayo ilikuwa na kundi liitwalo Sirisia, na hilo lilikuwa la wakulima wa Sirisia. Ufunguo wa sebuleni ulikuwa wa akaunti ya kweli.

Akachagua kundi la Sirisia kwa sababu ni kwao. Akaandika ujumbe wa mfano: Mbolea imefika ghala la Sirisia, njoo na kitambulisho chako. Akabonyeza. Posho ikamwambia kazi imefaulu, naye akaenda zake nyumbani akiwa na furaha.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Wekesa, mwenye ghala wa Sirisia.

"Madam, hii mborea iko wapi?"

"Mbolea gani, Mzee?"

"Ati mborea gani? Si mmeita watu! Punda wamejaa mpaka barabarani. Kuna mmoja amekodisha trekta, anazunguka nayo hapa kama bwana harusi. Na mvua imeanza."

Nikashuka Bungoma, nikamkuta Barasa amesimama nyuma ya Nekesa, wote wakitazama kioo cha kompyuta. Nekesa alikuwa ameshajua. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Tutume ujumbe wa pili," Barasa akasema. "Tuseme ule wa kwanza ni makosa."

"Na huo wa pili watauamini kwa nini?" nikamuuliza. "Twende."

Ghala la Sirisia lilikuwa limezungukwa. Watu walijikinga na magunia vichwani, punda wameinamisha masikio. Tuliposhuka kwenye pikapu, sauti ikatoka nyuma, "Hawa ndio wenye mborea ya hewa?" Watu wakacheka kicheko kisicho na furaha. Mwenye trekta akasogea, akaja kusimama mbele yangu.

"Pole, ndugu yangu," nikamwambia.

"Trekta inakunywa dizeli, Madam. Haikunywi pole, bana."

Nilitaka kueleza. Mnanijua, nikianza kueleza jua linatua. Lakini Nekesa alikuwa ameshapanda nyuma ya pikapu.

"Ni mimi," akasema. Akarudia kwa nguvu. "Ni mimi niliwatumia. Nilikuwa najifunza kazi, nikafikiri ujumbe unaenda kwa simu za ofisi. Mbolea haijafika. Naomba msamaha."

Mtu akasema, "Ati unajifunza na sisi?"

Mbele kabisa, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikuwa ameketi nyanya mmoja aliyefunga leso mbili kichwani. Akamtazama Nekesa kwa muda.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Nasambu, Kukhu. Pale juu ya kanisa." Kukhu ndiyo nyanya kwa lugha ya kwao.

"Kumbe ni wetu. Basi umetudanganya vizuri." Watu wakacheka tena, safari hii kidogo kwa moyo. Lakini yule nyanya hakucheka. "Sasa nisikize. Siku ingine simu yangu ikilia, iseme mborea imekuja, mimi nitajuaje ni ya ukweli?"

Tulipoondoka, nilijua swali hilo limeingia na Nekesa ndani ya pikapu, bila jibu.

Meneja wetu wakati huo alikuwa Bwana Njoroge. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepigiwa simu na kamati nzima ya ushirika kabla hajanywa chai. Aliponiita alikuwa ameshaamua.

"Madam, huyo msichana aende. Wakulima wakiacha kuamini ujumbe wetu, mbolea itafika na hakuna atakayekuja. Tutapanda nini?"

"Akienda, Posho itabaki vile vile," nikasema. "Nipe dakika chache tu hapa kwenye kompyuta."

"Siri zimefichwa. Nimeona mimi mwenyewe, zinaonyesha nyota."

Alikuwa na haki ya kuamini hivyo. Posho inapoandika taarifa ya kazi iliyofanya, kila mahali siri inapotokea inaifunika kwa nyota. Wengi wenu pia mmeziamini nyota hizo, kwa hivyo someni hapa taratibu.

Nikamwomba aketi yeye. Nikamwelekeza afungue kazi mpya, aipe jina lolote. Akaiita Simba, jina la mbwa wake. Nikamwambia aichukulie ule ufunguo wa ujumbe kutoka sebuleni, kisha aiamuru iuandike kwenye taarifa. Zikaja nyota. Njoroge akanitazama kama mtu aliyeshinda mchezo wa drafti.

"Sasa iamuru iuandike kinyumenyume, herufi ya mwisho ianze."

Akaandika, akabonyeza. Ufunguo wote ukatokea kwenye kioo, kutoka mkiani hadi kichwani, bila nyota hata moja.

"Nyota zinamjua mtu kwa uso," nikamwambia. "Akigeuka zikaona kisogo, zinampisha. Zimewekwa ili siri isichungulie kwa bahati mbaya. Haziwezi kumzuia anayeitaka. Yeyote anayeruhusiwa kuandika kazi inayoshika ufunguo, anao huo ufunguo."

"Kwa hivyo hii Simba yangu ingeweza kutuma ujumbe."

"Ingeita Kitale nzima, bosi."

Akarudi kwenye orodha ya siri, akaisoma tena. "Na sikuona mahali popote pameandikwa huu ni wa kweli."

"Hapana."

"Hata Nekesa hakuona."

Alikuwa amefika mwenyewe, na mtu akifika mwenyewe usimsukume. Kisha nikaubadilisha ule ufunguo pale pale, maana sasa bosi wangu alikuwa ameuona, na bosi pia ni mtu.

Uamuzi wake ulikuwa huu: Nekesa angebaki hadi mbolea ya msimu ifike. Siku hiyo ujumbe ungetumwa na yeye mwenyewe. Ukienda kombo tena, au watu wakikosa kuja, Njoroge hangeweza kumtetea mbele ya kamati. Nikampigia Nekesa, nikamweleza bila kupunguza neno.

"Nifanye nini, Madam?" akauliza.

"Njoo Kitale. Tunarudisha kila ufunguo chumbani mwake, na wewe ndiye utakayeshika kazi hiyo. Mimi nitakuwa kando yako."

"Baada ya yale yote?"

"Kwa sababu ya yale yote. Hapa hakuna mwingine anayejua ufunguo mbaya una uzito gani."

Tulianza na maswali ya Mama Wambui. Kwa kila siri iliyokuwa sebuleni tuliuliza ni ya nani, ni ya nini, na ikipotea nani atalia. Iliyopata majibu tuliipeleka kwenye chumba cha mradi wake. Lakini hatukuihamisha kama ilivyokuwa. Tuliunda mpya na kuifuta ya zamani, kwa sababu siri iliyokaa sebuleni huwezi kujua imeonwa na nani. Vijana wengi hudhani wakifuta nywila kwenye msimbo imetoweka. Msimbo unakumbuka kila kilichowahi kuandikwa ndani yake, maana matoleo yake yote ya zamani huhifadhiwa. Mtu akirudi nyuma ataikuta. Ukishaimwaga, badilisha kufuli. Na kila ufunguo mpya tuliupa uwezo mdogo kadiri ilivyowezekana: ule wa mizani ukawa wa kusoma uzito tu, usiweze kuandika chochote.

Kisha tukawatoa vibarua nyumbani. Nikieleza hivi mtanielewa: Posho ilikuwa ikiendesha kazi zote ndani ya mashine ile ile inayohifadhi siri. Ni sawa na kuajiri watu wa kuvuna, halafu unawalaza chumba chenye sanduku la hati za shamba. Tukatafuta kompyuta nyingine, tukaziita Vibarua. Kazi inafanyika huko, inapewa ufunguo wake mmoja, na ikimalizika kibarua anafutwa akili, anaanza upya kama mtoto mchanga. Posho yenyewe ikabaki na kazi ya kugawa na kuangalia.

Nekesa ndiye aliyegundua habari ya chelezo, yaani nakala ya akiba. Kila wiki tulinakili seva yote kwenye diski, ikafungiwa katika droo. Tulijivunia diski hiyo. Akaichunguza, akaniita.

"Madam, siri ziko hapa, zimefungwa vizuri."

"Ndiyo."

"Na faili ya kuzifungulia iko hapa kando yake."

Nikaitazama droo. Kwa muda wote huo tulikuwa tunafunga mlango, tunaning'iniza ufunguo kwenye kitasa. Tangu siku hiyo vitu hivyo viwili havijalala mahali pamoja, na naomba visilale pamoja hata mkiwa na haraka.

Uliotutesa zaidi ulikuwa ufunguo mmoja usio na mwenyewe. Jina lake lilikuwa "muhimu-usiguse", na hakuna mtu Kitale wala Bungoma aliyekumbuka kuuweka. Ofisi nzima ilishauri tuuache. Nekesa akasema, "Imebaki swali moja ya Mama Wambui: ukipotea, nani atalia?" Tukawatangazia wote, tukauzima asubuhi ya siku tulivu, tukaketi kungoja kilio. Hatukungoja sana. Kilitoka Matisi, kwenye kituo chetu cha kupokea mahindi.

"Madam, mizani imegoma! Inaonyesha sifuri, na huyu mzee wa hapa ameweka gunia, anasema namwibia!"

Tukauwasha, tukamwomba mzee radhi, tukaupa ufunguo jina lake halali na mwenyewe. Natamani siri zote zingekuwa na mwenyewe mwenye sauti kama ile.

Hapo ndipo Barasa aliponipigia simu. Kicheko chake hakikuwepo.

"Madam, vijana wangu wameingia asubuhi, wanaona mlango imefungwa. Kila kitu ya Kitale, hawawezi kuona. Mmetufungia kama wezi? Na tulikula kuku pamoja?"

Niliona uzito wa jambo. Kilichofunguliwa kwa ukarimu, ukikifunga, mtu husikia tusi, hata kama hukulitamka. Nikaanza kumweleza habari za ruhusa na mipaka, nami nikajisikia mwenyewe nikimchosha. Nekesa akaomba simu.

"Baba Sammy, shikamoo. Mgeni akija kwako analala wapi?"

"Si kwa chumba ya wageni."

"Unampatia ufunguo ya chumba ya Mama Sammy?"

Kicheko kikarudi kwa nguvu hadi nikakisikia nikiwa nimeketi mbali. "Wewe msichana, nyamaza!"

"Basi. Tumewapatia chumba yenu. Ufunguo ni yenu, ni wewe unasema nani ataingia. Sisi Kitale hatuingii."

"Hata Madam?"

Nekesa akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Hata Madam."

"Hiyo sasa nimeipenda," Barasa akasema, na jioni hiyo akaanza mwenyewe kupanga siri za Bungoma. Alizipanga vizuri kutushinda.

Jambo la mwisho lilikuwa ujumbe wenyewe. Ufunguo wa majaribio tuliupa jina lisiloweza kumpotosha mtu, ukawekwa kwenye chumba cha mazoezi. Ule wa kweli tukaufungia kwenye chumba cha kazi moja tu, na kazi hiyo haianzi mpaka mtu wa pili asome ujumbe, aone unaenda kwa nani, aseme sawa. Nekesa akaongeza lake. Kila ujumbe wa mbolea, akasema, umalizike kwa jina la mwenye ghala, na mkulima aambiwe kwamba akiwa na shaka ampigie mtu huyo anayemjua. "Kukhu aliniuliza atajuaje," akasema. "Hawezi kuona ndani ya Posho. Mzee Wekesa anamwona."

Mbolea ikafika. Mzee Wekesa aliishika kwa mikono yake, akapiga simu kutuambia yuko ndani ya ghala, amekalia gunia. Nekesa akaandika ujumbe. Mtu wa pili alikuwa Barasa, aliyekuja kutoka Bungoma makusudi. Akausoma kwa sauti kama somo la kanisani, akakubali. Njoroge alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Nekesa akabonyeza, kisha akaondoa mikono juu ya meza kana kwamba ina moto.

Hakuna kilichotokea. Chai ikaletwa, ikapoa. Nikampigia Mzee Wekesa.

"Watu wamekuja?"

"Hapana. Hata punda moja."

Njoroge akatazama sakafu. Tuliketi hivyo hadi simu ya mezani ikalia, na aliyeipokea akamkabidhi Nekesa. Akaweka sauti wazi sote tusikie.

"Huyu ni mtoto wa Nasambu?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Simu yangu imelia. Nimepigia Wekesa, kila saa anaongea na mtu mwingine, siwezi kumpata. Nikatafuta namba ya ofisi yenu. Hii mborea ni ya ukweli ama unajifunza?"

"Ni ya ukweli, Kukhu. Imeingia ghala. Mzee Wekesa ameikalia."

"Na nikikosa?"

"Ukikosa, mimi nitakuja kukupandia kwa mikono."

"Unajua kupanda wewe?"

"Najua, Kukhu. Mimi ni wa Sirisia."

"Sawa. Nafunga punda."

Mzee Wekesa alipopatikana tena alikuwa akipiga kelele juu ya kelele nyingine. Watu walikuwa wamempigia mmoja baada ya mwingine kumuuliza kama kweli ameiona, akawajibu wote, na sasa walikuwa wakishuka mlimani na kupanda bondeni. Mwenye trekta alikuwepo, akidai apewe nafasi ya kwanza kwa sababu ya mara ile. Njoroge alitoa mikono mfukoni, akamwambia Nekesa, "Kesho uje mapema, tupange ujumbe wa ghala la Kimilili," akaondoka zake. Nekesa akafunika uso kwa leso akalia, Barasa akacheka mpaka printa ikatikisika, na mimi nikaenda kutafuta chai nyingine.

Sasa mnajua kwa nini siku yangu ya mwisho, mlipokuwa mkikata keki, nilimwomba Nekesa tuingie kidogo chumba cha seva. Yeye ndiye msimamizi wa Posho leo. Nilikuwa nimemwambia mapema afute ruhusa zangu zote, na abadilishe kila ufunguo niliowahi kuushika. Alisita sana.

"Madam, wewe? Si hii nyumba ni yako?"

"Ni ya nani, ni ya nini, na mimi nikipotea nani atalia?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. Siku ya keki alikuwa ameshafanya hivyo; akanivutia kiti, nikaketi mbele ya kompyuta mara ya mwisho nihakikishe. Nikaandika jina langu. Nikaandika nywila, taratibu, vidole vikiijua njia. Nikabonyeza.

Posho ikafikiri kidogo, ikanikataa.

Nikajaribu tena, nisije nikawa nimekosea herufi. Ikanikataa tena, kwa maneno yale yale, bila kunionea haya hata kidogo.

"Pole, Madam," Nekesa akasema.

"Usiseme pole," nikamwambia. "Sasa naweza kwenda nyumbani."